Saa Kumi Ilipowekwa Nyuma ya Saa Moja

Shangazi yangu Kahaso ni katibu wa kikundi cha wakulima hapa Jilore, na alikuwa katibu kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Sasa niko kidato cha pili. Yeye hakuvuka la saba, lakini ukimuuliza nani alilima ekari ngapi mwaka gani, hafungui hata kitabu. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, kwa ajili ya jino lililovunjika. Watu humwachia funguo zao, vitambulisho vyao, na mambo mengine ambayo hataki kuniambia.

Mwezi wa tatu ndio mwezi wa trekta. Kikundi hukodi trekta moja kabla ya masika, nayo hulima kwa foleni: aliyefika kwanza siku ya kujiandikisha ndiye hulimiwa kwanza. Kwa hiyo watu huja gizani. Mwaka huu walikuja thelathini na mmoja. Sita wa mwanzo waliandikwa na mlinzi, Nahashon, kwa mwanga wa simu. Waliobaki aliwaandika shangazi kuanzia saa moja. Ili karatasi zote zije ziungane, kila jina liliwekewa saa yake ya kufika.

Zamani angeziunganisha kwa kalamu. Lakini kikundi kilikuwa kimepewa kompyuta ya mezani, na shangazi alikuwa ametoka kufundishwa siku tatu Malindi. Siku chache baadaye, jioni, nilimkuta ofisini akichapa kwa kidole kimoja, karatasi zimechanganyika mezani, anaingiza ile inayomjia mkononi.

"Hazifuatani, shangazi," nikasema.

"Ndiyo raha yake, Purity. Tazama." Akabonyeza juu ya safu, pale palipoandikwa SAA. Kimshale kidogo kikatokea na majina yote yakaruka. "Umeona? Yamejipanga yenyewe."

Nje Dedan, dereva wa trekta, alikuwa akipiga honi anataka orodha yake. Shangazi akaichapisha, akampa. Hakuisoma. Hata mimi sikuisoma.

Kesho yake, Jumamosi, niliamshwa na mngurumo. Trekta ilikuwa shambani kwetu! Baba yangu, Mwambire, ambaye ni kaka yake shangazi, alisimama ukingoni kama bwana harusi.

"Kumbe iko siku nami nikawa wa kwanza," akasema.

Ilikuwa imelima mistari minne tu mzee Ngowa alipofika, jembe begani.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mwambire, siku ile ya kuandikishwa ulinikuta wapi?"

"Nilikukuta mlangoni, mzee wangu."

"Nimesimama au nimelala?"

"Umelala."

"Sasa imekuwaje aliyelala pale atanguliwe na aliyekunywa chai kwake kwanza?"

Baba akamwita Dedan, Dedan akafunua karatasi. "Mimi nafuata hii. Wa kwanza Mwambire. Ngowa ni wa ishirini na sita."

Trekta hulima mashamba matatu kwa siku, kwa hiyo Ngowa angefikiwa siku ya tisa. Shamba lake liko kando ya mto, udongo mweusi. Ukishalowa, trekta haiingii. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Baba akamwambia Dedan azime injini. Tukaenda ofisini, na kila tuliyepita kwake akatufuata.

Shangazi alikuwa akifagia. Wa kwanza kusema alikuwa Kavumbi, jirani yetu mwenye mbuzi wengi. "Kahaso, kaka yako wa kwanza, mimi wa thelathini na moja. Twambie tu kama ukatibu umekuwa wa nyumba yenu."

"Sikugusa kitu. Nilibonyeza tu."

"Ulimbonyeza nani, kaka yako?"

Watu wakacheka, lakini Kavumbi hakucheka. "Tusipoelezwa, leo hii twachagua katibu mwingine. Funguo uziweke mezani."

Shangazi akaweka ufagio chini, akawasha kompyuta. Akabonyeza tena pale kwenye SAA. Kimshale kikageuka, majina yakaruka. Sasa Kavumbi akawa wa kwanza, Ngowa wa sita, aliyekuja saa nne jua kali akawa wa saba, na baba akawa wa mwisho kabisa.

"Haya, wewe wa kwanza," mtu akamwambia Kavumbi.

"Hata hii siiamini! Mimi nilimkuta Ngowa pale."

Niliikodolea macho safu ile mpaka yakaniwasha. Kimshale kikielekea juu, kama mara ya kwanza: 1:05, baba. 1:10. Kisha saa mbili, saa tatu, saa nne, halafu 10:10, Ngowa, mpaka 12:50, Kavumbi. Moja ni ndogo kuliko kumi, hilo nalijua tangu chekechea. Lakini asubuhi ile saa kumi ilitangulia na saa moja ikafuata, na hilo pia nalijua. Yote mawili ni kweli. Sasa kosa liko wapi? Nilihisi kama nimegeuziwa kitanda nikiwa usingizini.

"Shangazi, yaani... haijui kwamba kumi ile ilikuwa ya alfajiri?"

Akanitazama, akatazama kioo cha kompyuta. "Yajua kuhesabu tu," akasema polepole. Kisha akainuka. "Tokeni nje nyote. Simameni kama mlivyosimama siku ile. Asiyekuwepo, asimamiwe na mtu wake."

Makelele yakazuka. "Wewe ulikuwa nyuma yangu, ulinikoholea kisogoni!" "Si mimi, yule wa baiskeli!" Lakini kidogo kidogo foleni ikajikunjua kutoka mlangoni hadi barabarani, Ngowa mbele. Baba akapita akihesabu vichwa, akasimama nyuma ya Kavumbi. Wa saba.

Shangazi akapita na kalamu, akimwandikia kila mmoja nambari kiganjani. Akarudi ndani, akaongeza safu mpya, akaiita FOLENI, akachapa moja hadi thelathini na moja. Akabonyeza juu yake. Ngowa, wa kwanza. Kavumbi, wa sita.

Kavumbi akatazama kiganja chake, akatazama kioo, akatazama tena kiganja. "Basi kaa na funguo zako, katibu."

Shangazi akacheka, akasahau kufunika mdomo.

Ngowa alilimiwa mchana uleule. Mvua ilishuka siku ya tano. Mistari yetu minne ilikaa siku mbili peke yake shambani, na kila mpita njia alimpa baba pole.

Shuleni mwalimu aliniambia kompyuta huhesabu kuanzia katikati ya usiku. Ngowa angeandikwa 4:10. Nikampelekea shangazi habari hiyo.

"Saa nne na dakika kumi?" akasema. "Saa nne Ngowa alikuwa ameshajiandikisha na kurudi kwake kulala."

Neno hilo bado nalifikiria, na kila nikilifikiria naanza upya.

Juzi watu waliandikishwa tena, kwa mvua za vuli. Nahashon asema Ngowa alifika kungali giza, akamwambia, "Andika saa moja."

"Saa moja bado, mzee."

"Itanikuta hapahapa. Andika."

Karatasi yake nimeiona mezani kwa shangazi. Mstari wa juu kabisa umeandikwa: *Ngowa, saa moja, giza.*