Dawa ya Kichwa na Mifupa

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hivyo ukikuta herufi imekaa vibaya, nyamaza uendelee. Waliosoma ndio walioniletea haya, na nitawataja kwa vyeo vyao: meneja, nyapara, karani wa stoo, na dresa, yule mdunga sindano wa dispensari. Wakisoma watajijua. Wa tano ni mimi.

Miaka ile baada ya Uhuru nilitoka kwetu Kisii nikaandikwa kazi kwenye shamba la chai upande wa Kericho. Bendera ilikuwa mpya, meneja alikuwa yule yule. Wenzangu walipewa vikapu wachume majani, mimi nikapewa pampu ya mgongoni. Nikaitwa mtu wa dawa. Nilijivuna! Siku ya kupiga dawa tulipewa kikombe kizima cha maziwa, na wachumaji wakatuonea wivu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini tajiri ambaye hajawahi kutoa hata chumvi ya bure sasa anatunywesha maziwa kama ndama.

Kosa lilianza na hilo neno. Klorokwini ni dawa. Ya minyoo ni dawa. Ya mganga ni dawa. Na ile iliyokuja kwa madebe ya bati kuua wadudu wa chai, nayo tukaambiwa ni dawa. Nyapara, Mkipsigis mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, alituhimiza kila asubuhi, "Tawa, vijana! Pepeni tawa!" yaani tubebe dawa. Glavu zililetwa kwa ajili yetu, lakini asubuhi za Kericho zina baridi, na nyapara alikuwa na baiskeli. Glavu zikaendesha baiskeli.

Mbwa wa meneja alifungiwa ndani siku za kupiga dawa. Mpishi alitumwa shambani kuuliza upepo unaelekea wapi. Mimi nilidhani ni kwa sababu mbwa yule ni mkali.

Debe lilijaa Kizungu kitupu ubavuni, na picha moja: kichwa cha mtu kisicho na nyama, na mifupa miwili iliyopishana. Nikamuuliza karani wa stoo, ambaye alikuwa amesoma mpaka akafunga tai.

"Bwana karani, hii picha inasema nini?"

"Wewe Mkisii, macho unayo ya nini? Si unaona kichwa na mifupa? Ni dawa ya kichwa na mifupa."

"Kumbe!"

"Ukiitumia, kichwa hakitakuuma tena. Milele."

Watu wa stoo walicheka mpaka wakashika ukuta. Nami nikacheka pia, nikidhani wanaisifu dawa.

Habari ilifika kwenye laini zetu, zile nyumba za wafanyakazi, kabla yangu. Wachumaji wakaanza kuniamkia kwa heshima ambayo sijawahi kuiona tena. "Baba, nitilie tone tu, goti linaniua." Mimi mwenyewe nilijipaka goti la kushoto. Ngozi ikababuka yote. Nikasema, hii ni kali, inafanya kazi.

Sasa mke wangu. Chumba kimoja cha laini tulikaa jamaa mbili, na chawa hawajui pazia. Akaniambia, "Baba watoto, kichwa kinanila, na dawa yake unashinda nayo mgongoni. Mchimba kisima hakatazwi maji."

Nikaleta kidogo ndani ya chupa ya soda. Jumapili asubuhi nikamwagia mwenyewe, kwa mikono yangu hii, naye akasugua vizuri, akafunga kitambaa, akainjika maharagwe.

Maharagwe hayajaiva, mate yakaanza kumtoka. Jasho likamlowesha kama mtu aliyenyeshewa. Nilipomfunua macho, mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano, na miguu inarukaruka yenyewe. Nikambeba mgongoni, mahali pa pampu, nikakimbia hadi dispensari.

Dresa alimnusa tu. "Huyu amekunywa."

"Hajanywa. Tumemwosha kichwa."

"Kwa nini umwoshe na hiyo?"

"Si ni dawa ya kichwa?"

Dresa akanitazama kama anayepima kama nimelewa. "Nani anaosha kichwa kwa sumu, wewe?"

Hapo ndipo niliposikia debe likiitwa kwa jina lake. Miaka mitatu mgongoni mwangu, na hatujawahi kujulishana.

Sindano alimdunga, sikatai, na kichwa alimwosha kwa sabuni. Mke wangu alilala siku tatu hanijui. Lakini kwenye kitabu cha wagonjwa dresa aliandika kwamba mama huyu alijaribu kujiua. Meneja ndiye aliyetaka hivyo. Mtu akijiua, kampuni inawapa jamaa zake pole. Akiuawa na debe la kampuni, ni maneno mengine. Na kujaribu kujiua lilikuwa kosa la kupelekwa polisi. Karani wa stoo aliletwa kunieleza: "Bwana mkubwa ana huruma. Hatashtaki, mradi unyamaze."

Mke wangu alipopata fahamu na kurudi nyumbani, majirani hawakumsalimia. Kanisani waliketi mbali naye.

"Wanasema nilitaka kufa?" akaniuliza. "Na maharagwe yangu yako motoni? Nani anajiua akiwa na maharagwe motoni? Baba watoto, andika."

Nikaandika kwa penseli, kwa gazeti la Kiswahili, ukurasa wa barua za wasomaji. Niliandika kwamba ile tunayoambiwa tupige si dawa, ni sumu. Kwamba picha ya fuvu si ya kichwa kinachouma. Kwamba mke wangu hakutaka kufa. Mhariri alikata sehemu ya mbwa, ambayo niliipenda. Nyingine aliiacha.

Siku ya soko pale Ndanai, fundi wa cherehani aliisoma barua yangu kwa sauti. Mama mmoja muuza maziwa akaweka chini debe lake, akalizungusha, akatazama ubavuni. Fuvu lilikuwa pale pale, limefifia kwa kusuguliwa na jivu. Akamwaga maziwa yote barabarani.

Jumatatu watu wa pampu walikataa pampu. Jumanne kila debe la stoo lilikuwa na neno SUMU kwa rangi nyeupe. Kumbe ilihitajika brashi moja na kopo la rangi! Jumatano nikafukuzwa kwa wizi wa dawa. Kwenye karatasi yangu ya kufukuzwa ilikuwa bado dawa.

Tulipakia vyombo kwenye lori la kwenda Mulot, ambako tulipata shamba la kukodi. Mke wangu akakataa kupanda. Akaenda dispensari, akapita foleni ya akina mama na watoto wao, mimi nyuma yake.

"Daktari, fungua kile kitabu. Futa."

"Mama, kitabu cha kampuni hakifutwi. Na kinaandikwa Kizungu."

"Leo kitajifunza Kiswahili."

Akina mama wakaanza kupiga benchi: "Mwandikie! Mwandikie!" Dresa akachora mstari, akaandika. Nikasoma herufi kwa herufi, kwa sauti: Huyu mama hakutaka kufa.

"Soma tena," akasema mke wangu.

Nikasoma tena. Akataka kutia kidole, lakini mkono ulimtetemeka, kama unavyomtetemeka hadi leo. Nikaushika, tukabonyeza pamoja, na wino ukatambaa mpaka kwenye mstari wa mgonjwa mwingine.