Neno Linalotangulia Kidole

Leseni ya studio yake, iliyotundikwa juu ya kaunta kwenye fremu yenye ufa, ilitolewa tarehe 3 Juni 2002. Tangu siku hiyo anapiga picha za pasipoti na za vitambulisho, katika chumba chenye stuli moja na pazia jeupe, na kila picha huitanguliza kwa neno lile lile: "Tulia." Mtaa mzima unamwita hivyo. Hata mkewe, akitaka kumchokoza, humwita Bwana Tulia.

Jumamosi ile alikuwa bustanini kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kundi la wapiga picha analotaka kujiunga nalo lina kanuni: mgeni hupewa mikutano mitatu, na asipoleta hata picha moja ya mtu aliyejisahau, ndiyo kwaheri. Wanaokubali kupigwa hufungwa utepe wa kijani mkononi pale langoni, kisha huachwa na shughuli zao mpaka wasahau kama kuna kamera.

Aliyemwandikisha ni binti yake. Alikuwa amemwambia mezani, bila kuzunguka, "Baba, usinielewe vibaya, lakini wewe ni mashine ya vitambulisho." Aliinuka akaenda kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Sasa mbele yake, kwenye benchi, bibi mmoja mwenye utepe alikuwa akimsuka mjukuu wake wa kike. Kitana kiko mdomoni mwa bibi, mtoto amekunja uso kwa maumivu. Bwana Tulia akapiga goti, akabana pumzi.

"Tulia," akasema.

Bibi akaketi wima, akakificha kitana. Mtoto akanyoosha shingo, mikono juu ya magoti, macho kwenye lenzi.

"Hivi, baba?" bibi akauliza.

"Hivyo hivyo, bibi. Asante." Akapiga, kwa adabu tu.

Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. Wacheza drafti, muuza maji aliyekuwa akipiga miayo, wachumba waliokuwa wamenuniana: wote aliwanyatia vizuri, na wote wakakauka kama askari kwenye gwaride, maana neno lilimtoka kabla kidole hakijafika kwenye kitufe. Kufikia saa tano alikuwa na picha sitini na mbili, na katika kila moja masikio yote mawili yanaonekana.

Mwenyekiti wa kundi, daktari wa meno mwenye kofia pana, alikuwa akimfuatilia kwa mbali. Akamsogelea.

"Mzee wangu, ng'ata kitu. Mimi mgonjwa akizidi maneno namjaza pamba."

"Pamba sina."

"Basi ng'ata hicho kifuniko cha lenzi."

Akaking'ata. Akarudi kwenye benchi. Bibi alikuwa kwenye msuko wa mwisho. Mtoto amelala mapajani pake, mdomo wazi, utepe umemlegea mkononi. Hakuna aliyemwona. Akapanga picha yake, akaipenda, kidole kikaanza kushuka.

Hapo ndipo alipoiona kola ya gauni la mtoto. Upande mmoja ulikuwa umejikunja.

Hakuamua. Miguu ilikwenda yenyewe, mkono ukanyooka, akaikunjua kola na kuilaza sawasawa kwa vidole viwili. Mtoto akafumbua macho, akamtazama, kisha akaketi wima bila kuambiwa, naye akapiga hivyo hivyo.

Saa sita walizunguka meza ya saruji kuonyeshana picha. Mwenyekiti aliitazama yake, ile ya mtoto aliyeketi wima.

"Kola imekaa vizuri," akasema, kisha akakata jina lake kwenye orodha kwa mstari mmoja.

Binti alituma ujumbe: "Imekuwaje?" Bwana Tulia akaizima simu, akakipangusa kifuniko cha lenzi. Alama za meno hazikutoka.

Langoni bibi alimshika mkono, akamuuliza studio yake iko wapi. Jumatatu saa tatu asubuhi atamleta mjukuu. Shule inataka picha nne, mandhari nyeupe.