Kamba ya Nyavu za Mizinga

Gozei Tamanaha alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Kila mwaka, siku ya kuvuta kamba, mashariki na magharibi ya kijiji walipopimana nguvu, yeye ndiye aliyewaongoza wanawake wa mashariki kwa ngoma na maneno ya kuudhi. Kamba yenyewe waliisokota wanaume, kwa majani ya mpunga.

Kisha mwaka wa arobaini na tano jeshi la Marekani likateremka Okinawa, na vita vikafika hadi kusini kwao. Gozei alijificha pangoni na mama mkwe wake, Bi Makato, na binti yake mwenyewe, Fumi. Wote watatu walitoka hai. Seikichi, mumewe, aliyechukuliwa kubeba risasi, hakurudi. Waliporuhusiwa kutoka kwenye kambi Wamarekani walikowaweka raia, wakarejea kijijini, upande wa mashariki hapakuwa na nyumba hata moja iliyosimama.

Kiangazi kilipofika, Gozei akatangaza kisimani: "Mwaka huu tunavuta kamba."

"Kwa majani gani, wewe?" akauliza Mzee Matsusuke, mkuu wa magharibi. "Mpunga wenyewe hatujapanda. Tena kamba husokotwa na wanaume."

"Haya, waite basi. Tunawangoja."

Mzee akatazama huku na huku. Palikuwa na wanawake kumi na wawili, na mbuzi mmoja.

"Mbuzi ni dume," akasema Bi Makato.

Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika ndooni. Mzee mwenyewe alijikaza, akashindwa.

Gozei alikuwa akiwafulia nguo askari wa Kimarekani, na nyuma ya kambi yao alikuwa ameona rundo la nyavu za kufichia mizinga, zimetupwa. Akamwendea sajini, akamweleza kwa mikono. Sajini alidhani mama huyu anataka kuvua samaki. Akampa rundo zima, akampakilia kwenye lori, akamwongezea makopo mawili ya samaki, asije akakata tamaa.

Wakasokota wiki tatu, viganja vikawa kijani kwa rangi ya nyavu. Siku ya tisa Mzee Matsusuke akapita, akatazama, akasema, "Mnalegeza mno," akakaa chini kuwaonyesha. Hakuondoka tena hadi kamba ilipokwisha.

Siku yenyewe ikaonekana kasoro. Magharibi walikuwa arobaini na mmoja. Mashariki, ambako mabomu yalipiga zaidi, walikuwa kumi na tisa, na Bi Makato akiwemo.

"Tupeni watu!" Gozei akapaza sauti.

"Tangu lini mtu akavuka mstari?" wakamjibu. "Leteni yule mbuzi!"

Kelele zikapanda. Mzee Matsusuke akafunga kitambaa kichwani upya, akatembea polepole, akavuka.

"Mke wangu alizaliwa mashariki," akasema. "Leo navuta sehemu yake."

Kisha akavuka mwingine, aliyefiwa na shangazi wa mashariki. Kisha wengine, mpaka pande zikakaribiana kwa idadi.

Ngoma ikalia. Kamba ya nyavu ikarefuka kama mlenda, watu wakaenda chini kwa matako, wakainuka, wakavuta tena. Haikukatika. Gozei alipiga ukelele mmoja, na magharibi nzima ikaburutwa hadi kwenye shamba la viazi.

Mzee Matsusuke alirukaruka kwa furaha, kisha akashika kichwa. "Lo! Magharibi wasiposhinda, mavuno huharibika! Wazee walisema!"

"Sasa umekumbuka?" Gozei akamwambia. Alikuwa ameketi kwenye matope, anacheka, machozi yakimtoka, na Fumi akayafuta kwa pindo la nguo bila kuuliza ni ya nini.

Viazi vya msimu ule vilikuwa vikubwa. Mzee alisema mizimu haikuitambua kamba ya Kimarekani, kwa hiyo haikuhesabu.

Mwaka uliofuata wanaume sita waliokuwa mateka wa vita huko Hawaii walikuwa wamerudi, wakadai kazi yao ya kusokota. Gozei akawaonyesha pa kuanzia: mkiani mwa kamba, karibu na Bi Makato, ambaye hakuwaachia mpaka waliposokota sawasawa.