Mbula Hauzi Mukau Desemba

Mara ya kwanza Josphat kufika kwenye kitalu cha Mbula, karibu na soko la Masii, aliinamia miche ya mukau, mti wa mbao unaostahimili ukame, akacheka. Ilikuwa mifupi, majani yamelegea.

"Mwaitu, mama yangu, hizi zinakufa. Niuzie bei ya maiti."

"Maiti uliza mochari," Mbula akamjibu bila kuinua kichwa. Alikuwa akinyanyua vifuko kimojakimoja na kukata mizizi iliyotoboa chini kutafuta ardhi. Maji aliipunguzia makusudi: mche uliokatwa mzizi ukiwa bado kitaluni huotesha mingine mingi ndani ya kifuko, na uliozoea kiu hauzimii shambani. "Majani ni ya kuuzia wajinga. Bei ni ile ile."

Josphat, mtu wa kununua mbuzi kwa kumkosoa meno, alivuka barabara. Kule kwenye kitalu cha Ndunda miche ilimfika kiunoni, inang'aa, na punguzo akapewa. Mbula aliiona ikichomolewa kwa nguvu, mizizi ikibaki ardhini. Mteja aliyeenda kwa jirani harudishwi kwa mahubiri.

Desemba, mvua ikikatika, Josphat alirudi. Ile miche mirefu ilikuwa imekauka, imesimama shambani kama fito.

"Nipe zako. Nitalipa mara mbili."

Mbula alitazama miche yake, ambayo msimu ule wengi walikuwa wameipita. Mkono ulimwasha kuzipokea pesa.

"Siuzi. Mvua imeisha, hizi zitakufa."

"Si ni pesa zangu?"

"Pesa ni zako, jina ni langu. Zikikufa utaambia soko lote mukau ya Mbula haishiki. Enda uchimbe mashimo, uje Oktoba mvua ikianza."

"Wewe mama uko na kiburi!"

"Niko nacho. Na hicho pia siuzi."

Kiangazi kilimtesa Mbula. Mchwa walimlia miche, na iliyobaki ikamlazimu kuikata mizizi tena na tena. Oktoba Josphat alikuja na pikapu, mashimo tayari, akaomba punguzo. Hakupewa. Alionyeshwa tu kumwaga maji mbali kidogo na shina ili mizizi iyafuate, akaondoka akinung'unika.

Josphat alipoteza msimu mzima. Mbula, miche na usingizi. Lakini safari hii miti ilishika, na kila aliyemuuliza Josphat ameitoa wapi alijibiwa kwa hasira: "Kwa yule mama mkali. Na usijaribu kupatana naye bei."