Mlango Usio na Hodi

Nilirudi Kisumu nikiwa na vitu ambavyo wengi wa rika langu hawana: diploma ya umeme na elektroniki, ujuzi nilioupata Doha, na nyumba Milimani niliyoijenga bila kuitisha harambee. Kule Doha nilikuwa fundi wa milango inayojifungua yenyewe. Mgeni wa hoteli anafika na mizigo yake, mlango unamwona, unafunguka kabla hajaunyoshea mkono. Ukikwama, meneja alikuwa anauliza niko wapi mimi, si fundi mwingine. Nayataja haya kwa sababu yanahusu habari ya mama yangu, na pia kwa sababu ni kweli.

Mama anaishi Nyakach, ukishapita Katito na kuiacha lami. Baba alipofariki, nilimtengea Mama chumba Milimani, chenye bafu lake na dirisha linalotazama bustani. Alikuja, akabonyeza godoro, akasifu maji ya moto, akala chakula cha mchana akamaliza. Jua lilipoanza kushuka alichukua mkoba wake akaenda kukaa karibu na mlango.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "nirudishe nyumbani."

"Mama, chumba ni chako."

"Chumba ni kizuri. Lakini mama halali katika nyumba ya mwanawe. Ulikaa kwa Waarabu mpaka ukasahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilitumaini tu kwamba yeye angesahau kidogo. Ziko familia za mjini zilizoiacha desturi hiyo, lakini yetu haimo. Nikawasha gari nikamrudisha.

Basi akawa anaishi peke yake. Magoti yalimzuia kufika kanisani, soko la Katito likawa mbali, na wanawake waliokuwa wakipita kumwona walikuwa na magoti yao pia. Dada yangu ameolewa Nakuru. Mimi nilikuwa nikienda Jumamosi. Siku moja nilifika mlangoni nikamsikia akizungumza, nikafurahi kwamba ana mgeni. Hakuwa na mgeni. Mtangazaji wa redio alikuwa amesalimia wasikilizaji, na Mama alikuwa anamjibu, anamweleza jinsi alivyolala, anamuuliza watoto wake wanaendeleaje.

Nilicheka, kisha nikaingia jikoni. Meko yalikuwa baridi na majivu yake ya zamani. Kwenye meza kulikuwa na kikombe cha chai na kipande cha mkate.

"Hupiki?"

"Ugali wa mtu mmoja unasongwaje?" akanijibu. "Mwiko wenyewe unakucheka."

Alikuwa amekonda. Mabega ya gauni lake yalikuwa yamemwangukia. Nilijua kwamba hali ile ikiendelea, nitamzika mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Na mimi si mtu wa kukaa nikilalamika wakati kazi ni ya fundi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda juu ya bati na paneli ya sola. Nikaweka betri na intaneti. Nikamnunulia simu yenye kioo kikubwa, nikaifunga ukutani kwa kishikilio nilichokitengeneza mwenyewe, mbele ya kiti anachokalia. Tatizo likawa vidole. Ameshika jembe maisha yake yote, na ngozi ya vidole vyake ni ngumu na kavu. Anagusa kioo, kioo hakimsikii. Nikafanya kama nilivyozoea Doha: nikaipanga simu ijifungue yenyewe. Mtu wetu yeyote akipiga, picha inatokea pande zote mbili bila Mama kugusa kitu.

Ilifanya kazi vizuri sana. Wajukuu wa Nakuru walimpigia wakitoka shule, wakimwita Dani, yaani bibi, wakimwonyesha meno yaliyong'oka. Mama alianza kujifunga kitambaa kizuri kichwani tangu asubuhi. Majirani walikuja kutazama, nami nikawaeleza kila waya. Mzee mmoja aliniambia kwamba pesa ya Doha haikupotea bure, nikamwambia hata ya karo haikupotea.

Kisha dada yangu akanipigia akilia.

"Umetuharibia," akasema. "Bwana yangu amekaa chumbani, hataki hata chai."

Kumbe watoto walikuwa wamemaliza kuongea na Dani wao, na mume wake akachukua simu hiyohiyo akitaka kumpigia mtu wa kazini. Akabonyeza jina la juu. Simu ya Nyakach ikajifungua kama nilivyoipanga. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mguu mmoja ameunyosha kwa ajili ya goti, kichwa wazi, na mdomo umejaa ugali na samaki aliyeletewa na jirani. Na mbele yake, ukutani, amesimama mkwe wake akiwa na fulana ya ndani.

Asiye wa huku anaweza kuuliza, sasa kuna nini? Kwetu mama mkwe na mkwe hawali mmoja mbele ya mwingine. Wakikutana, wanakutana wamevaa, kila mtu kiti chake, maneno machache ya heshima. Miaka yote ya ndoa hiyo, shemeji yangu hakuwahi kumwona Mama hata akimeza maji.

Nilienda Nyakach siku ileile. Simu ilikuwa imefunikwa leso na kugeuzwa ukutani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani.

"Iondoe," akasema.

"Mama, nitarekebisha."

"Nilikuwa na nyumba. Umeniwekea mlango usio na hodi. Hata kuku wangu hawaingii hapa bila kupiga kelele."

"Shemeji hakukusudia."

"Najua. Ni mkwe mzuri. Ndiyo maana naona aibu."

Wiki ile hakuzungumza na mtu. Hata redio aliizima. Nilipopita kumwona, meko yalikuwa baridi tena.

Nikakaa Milimani na vifaa vyangu mezani, nikiyawaza yale maneno ya mlango na hodi. Mlango wa hoteli humfungulia mgeni yeyote kwa sababu hoteli haina mkwe. Hapa mtu anasimama nje, anataja jina lake, na mwenye nyumba anajifunga leso kwanza. Maelezo ya kazi yangu yalikuwa hayo, na hayakuwa magumu kwa mtu mwenye diploma.

Nilifuta ule mpango wa simu kujifungua yenyewe. Nikawapigia watu wote wa familia, nikamrekodi kila mmoja akipiga hodi kwa sauti yake, na sauti hiyo ndiyo ikawa mlio wa simu yake. Wajukuu walipiga kelele wote pamoja: "Hodi, Dani!" Shemeji aliomba kurudia mara kadhaa, akisafisha koo, mpaka akapata sauti inayomfaa. Kwa ajili ya vidole, nilichukua kitufe cha kengele ya mlango, kile kikubwa cheupe, nikakilehemu kwenye waya wa simu pamoja na spika na maikrofoni, ili kukibonyeza kuwe ndiko kupokea. Kengele ambayo wengine huifunga nje, mimi niliifunga ndani, kando ya kiti. Asiyetaka mtu haibonyezi. Na shemeji nikamwelekeza apige simu ya sauti tu, isiyo na macho.

Mama alisikiliza maelezo bila kugeuza kichwa. Nikatoka nje, nikampigia. Sauti yangu ikasikika ndani: "Hodi, Mama." Ikarudia: "Hodi, Mama." Nilimwona kupitia dirishani akijifunga kitambaa taratibu, akivuta gauni lifunike magoti. Kisha akabonyeza.

"Karibu," akasema. "Hapo sawa. Sasa umesoma."

Nilifunga simu nyingine kama hiyo Kendu Bay, kwa shangazi yangu, dada ya marehemu Baba. Ni mjane naye, na magoti yake ni mabaya kuliko ya Mama. Yeye na Mama walikuwa wamepotezana bila kugombana; ni umbali tu.

Kutoka hapo nikaanza kupata shida mpya. Nikimpigia Mama, sauti yangu inapiga hodi hadi inachoka. Mchana mmoja nilipiga mara nyingi bila jibu, nikaona vibaya, nikaendesha gari hadi Nyakach bila kusimama Katito. Kutoka barabarani niliona moshi juu ya jiko. Nikafika mlangoni.

"Hodi, Mama!"

Akabonyeza kitufe cha kengele, macho yakiwa ukutani. "Karibu, nyathina. Mbona huonekani?"

"Niko mlangoni."

Akageuka, akanitazama kama mtu aliyenaswa. Mbele yake kulikuwa na sinia ya ugali wa moto, mboga ya osuga, yaani mnavu, na dagaa. Kwenye kioo alikuwa shangazi na sahani yake.

"Nani huyo anapiga kelele watu wakila?" shangazi akauliza.

"Ni yule fundi wako."

"Mwambie angoje. Na huo ugali wako, wifi, ni ugali au ni uji? Naona unateleza kidoleni."

"Ulitaka nisonge kwa nguvu za nani? Wewe umekula nusu sahani ukiongea, mimi nimefika wapi?"

Mawifi hula pamoja. Hapo hakuna desturi inayovunjwa. Siku hizi hupika kwa wakati mmoja, husubiriana mpaka vyakula vyote viive, na ndipo hubonyeza kitufe. Mabega ya gauni la Mama yamejaa tena.

"Kaa pale," Mama akaniambia, akinionyesha kiti cha karibu na mlango. "Tukimaliza nitakusalimia."

Nikakaa. Nilikagua betri, ilikuwa imejaa.