Mtihani wa Kutunga wa Shemeji Pandu

Shemeji yangu Pandu alikuwa mwalimu wa hesabu kule Matemwe, na hesabu zilimtesa yeye kuliko zilivyowatesa wanafunzi wake. Ndiyo maana mwaka 1969, chuo kimoja cha ualimu mjini kilipofungua darasa la muziki, alikimbilia kujiandikisha, fidla yake kwapani. Akahamia kwetu Jang'ombe pamoja na mkewe Kazija, dada yangu. Akifaulu, angefundisha muziki. Akishindwa, angerudi kwenye sehemu na desimali mpaka astaafu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja tu: kila mwanafunzi atunge wimbo, kisha aupige mbele ya chuo kizima. Pandu alicheka. Kutunga alikujua tangu ujanani. Katika vilabu vya taarabu alivyopitia, kutunga kulikuwa kuandika maneno; mahadhi ulikwenda kuyachukua senema, kwenye filamu ya Kihindi, na hapana aliyeona haya. Siku ya majaribio akasimama, akajikohoza, akaanza. Hajamaliza ubeti wa kwanza, ukumbi mzima unaimba naye, tena kwa Kihindi.

Alidhani wamempenda. Mwalimu Bakar, aliyesomea muziki ng'ambo, akasubiri mpaka wamalize.

"Maneno mazuri, Bwana Pandu. Na mahadhi je, katunga nani?"

"Yalikuwepo," akajibu Pandu, bila hila yoyote.

Akapewa wiki moja alete yake mwenyewe.

Wiki ile sitaisahau. Dada yangu hakukosa senema siku ya wanawake peke yao, na hakusahau alichokisikia. Pandu akivuta fidla mara mbili tatu, Kazija anaita kutoka jikoni, wala hana ubaya: "Nyimbo hiyo ya yule kipofu aliyeolewa na hakimu." Pandu anabadilisha. "Hiyo ya ndugu waliopotezana gulioni." Siku ya nne hakula. Aliniambia kwamba huenda ndani yake hamna kitu chake mwenyewe, vyote kaazima. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza.

Siku ya sita alipiga kitu kifupi, chenye kuchechemea kidogo. Kazija akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hii siijui," akasema.

"Nzuri?"

"Sikusema nzuri. Nnasema siijui."

Hiyo ndiyo aliyoipiga kwenye mtihani. Hapana aliyeimba naye. Ukumbi ulikuwa kimya hata akafumbua macho kuangalia kama watu wamo. Mwalimu Bakar akampa alama za kutosha kufaulu, bila hata moja ya ziada.

Alirudi na cheti chake na huzuni yake. Wimbo usioimbwa na mtu, alisema, una faida gani? Nilimwambia walau umemwokoa na desimali. Hakucheka.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tumekaa ukumbini nyumbani, yeye na mimi, Kazija anafua uani huku akijiimbia. Bi Mwatima, jirani yetu, akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta:

"Kazija, hiyo ya filamu gani? Mbona mie sikuiona?"

"Hutoiona, Bi Mwatima. Hii ya mume wangu."

Pandu alinigeukia, macho yamemjaa machozi, akanambia ninyamaze. Nami sikuwa nimesema kitu.