Kilio Kilichotoka Mlali

Filamu nyingi za hapa kwetu zinanichefua, na sikuwahi kuficha. Mama mkwe anafoka tangu mwanzo hadi mwisho, jini anatokea kwenye moshi wa unga, machozi yanamwagika na wanja haujaguswa. Chuo kilinifundisha kubisha, nami nikabisha kila mahali. Nimembishia mhubiri wa stendi, nimembishia mhadhiri wa takwimu, nimembishia muuza mizizi wa hapa Makole ninapoishi. Mtu mmoja tu sikuwahi kumbishia, naye ni dada mmoja mwigizaji wa filamu hizo hizo.

"Kwa huyu unakuwa kondoo," mwenzangu tuliyepanga naye chumba alikuwa ananicheka. "Akipiga mwayo utasema ni sanaa."

Nilimheshimu zaidi siku alipokuja kwenye msiba wetu. Mume wa shangazi yangu alifariki kule kijijini kwetu Mlali, na wiki hiyo kundi la filamu lilikuwa linafanya kazi kwenye vilima vya jirani. Sisi wanaume tulikaa nje, kwenye mabenchi tuliyoazima kanisani. Gari likasimama, akashuka yeye na binti msaidizi wake. Alikuwa amejifunga kanga, hana hata hereni. Akawainamia wazee, "Shikamooni," akavua viatu mlangoni, wakaingia wote wawili walikokaa wanawake na maiti. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Kwetu mtu msibani haulizwi. Akishavua viatu, anasogezewa mkeka.

Shangazi alikuwa analia ndani. Nje ilitufikia sauti tu, maneno hatukuyapata. Yule dada alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, nami nikajiambia: huyu ni mtu kweli.

Baadaye filamu ikatoka. Amecheza mjane wa huku kwetu. Katika sehemu iliyosifiwa na kila mtu, amekaa kando ya maiti anamgombeza mumewe kwa lugha yetu ya Kigogo, safi kabisa. Mbona umeondoka paa halijaisha? Ngedere wa shambani nimwachie nani? Na upepo wote huu, unatokaje bila sweta? Katikati anakatisha, anakohoa kikohozi kikavu, anafuta mdomo kwa pindo la kanga, anaendelea pale pale alipoachia.

Kile kikohozi kiliwapagawisha watu mitandaoni. Mimi nilikiandikia sifa ndefu kuliko wote. Niliandika kwamba waigizaji wengine hulia kama watu wasio na mapafu, na kwamba huyu peke yake amekumbuka kuwa mjane naye ana kifua.

Shangazi alipokuja mjini kwa ajili ya kliniki, alifikia kwetu. Nikampa chai, nikafungua kompyuta.

"Shangazi, unamkumbuka yule dada mwigizaji aliyekuja msibani? Nataka uone kazi yake."

"Yule mrembo? Mungu ambariki. Weka, baba."

Mwanzoni alifurahi. Alimcheka alivyojitwisha kuni: "Hizo akifika nazo nyumbani, mimi naacha ugali." Kisha ikaja sehemu ya kilio. Mjane alipokohoa, shangazi akaweka kikombe sakafuni.

"Zima."

"Bado haijaisha, shangazi."

"Zima, baba."

Nikazima.

"Hayo maneno ni yangu."

Mwenzangu akajaribu kulainisha mambo. "Shangazi, si wajane wote husema hivyo hivyo?"

"Na wote wana mafua? Hicho kikohozi ni changu. Mama yake huyu rafiki yako ndiye aliyenikatia limao. Na sweta tulilitafuta nyumba nzima, tukamzika bila sweta." Akakisukuma kikombe pembeni. "Yule binti aliyekuja naye alikuwa ameshika simu kifuani. Nilidhani anaona haya."

Halafu akaniuliza, "Yule mwanaume aliyelala pale, ni mumewe?"

"Hapana. Ni mwigizaji mwenzake. Yu hai."

"Sasa alikuwa anamwambia nani?"

Asubuhi alipokwenda kliniki niliirudia ile sehemu, mara hii nikiwa na masikio mengine. Kila pumzi ilikuwa mahali pake, kama nilivyoisikia nikiwa nje kwenye benchi. Hakuna alichobuni, hata kimoja. Yale macho mekundu aliyotoka nayo msibani sasa niliyaona ni ya mtu aliyekuwa ameanza kukariri somo kabla hata ya kwenda kulisikiliza upya kwenye simu ya msaidizi wake. Nilifuta zile sifa zangu, lakini niliendelea kujisikia kama niliyekula kitu kilichooza, na nikakisifia kabla ya kukitapika.

Niliwaandikia wenye filamu. Nilieleza ni msiba gani, ni maneno gani, ni ya nani. Wakajibu: "Asante sana shabiki wetu, tunakupenda," na mioyo myekundu kama saba.

"Kawashitaki basi," mwenzangu alisema.

"Kwa kosa gani? Walikaribishwa, wakakaa, wakasikia."

"Ndiyo hivyo, kaka. Mtu aliyekuja kukupa pole utamfungulia kesi gani?"

Yule mwigizaji anaendelea kusifiwa. Juzi nimemsikia redioni akisema kwamba kilio kile kilimtoka mwenyewe, hakujua kimetoka wapi. Mtangazaji akaguna kwa heshima. Nilizima redio ya watu, kwenye kibanda cha watu, mwenye kibanda akanitukana.

Miezi michache baada ya kliniki ile tulizika tena Mlali. Safari hii alikuwa mdogo wake shangazi, aliyelala naye kitanda kimoja utoto wao wote. Wanawake walimwachia shangazi nafasi upande wa kichwani, wakamsubiri aanze kumsemesha marehemu. Mama alikuwepo ndani, ndiye aliyenisimulia. Shangazi alifungua mdomo. Kisha akawatazama waliokaa, mmoja mmoja, akiwaangalia mikononi nani ana simu, akaufumba. Alijifunika kanga usoni na machozi yalimtoka mpaka tulipobeba jeneza. Lakini mdogo wake aliondoka bila kuambiwa neno.